Landrova Inayogoma Asubuhi

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu, na najua wapo walioninunia wiki nzima.

Basi nuna kidogo tu, tunaendelea. Mzee Baltazari amekaa kwenye kiti chake cha kamba, uani kwake Majengo, saa mbili asubuhi, baridi ya Juni inamtoa moshi mdomoni. Mbele yake iko landrova yake kuukuu, ile aliyopewa na mapadri alipostaafu udereva. Pembeni yake kasimama fundi Telesfori, ovaroli safi kama la kwendea kanisani, mkononi ana karatasi ya mauziano. Na mara tatu, mbele ya watu, Kasilda binti wa mzee ameiwasha landrova ile, akaitia gia, na mara tatu imeruka kama chura na kuzimika palepale.

Mara ya kwanza Telesfori alisema, "Giaboksi imekufa." Mara ya pili akasema, "Si nilisema?" Mara ya tatu alitoa kalamu.

"Baba, usiweke sahihi!"

Kasilda aliruka kutoka kwenye usukani, mtoto wake Monika mgongoni, akaichomoa kalamu vidoleni mwa baba yake na kuichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

"Kasilda!" mzee alifoka. Tangu kiharusi kimlaze upande wa kushoto, sauti yake ilibaki nusu. Lakini nusu hiyo ilitosha. "Jana tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana saa sita, baba. Gari litoke hapa, lifike stesheni, lirudi. Likishindwa, fundi alichukue. Sasa ni saa mbili. Saa sita ni saa sita."

Telesfori akacheka. "Dada, hata upewe saa sita ya mwezi ujao. Chuma kikishakufa kimekufa. Mimi namsaidia mzee tu. Nani mwingine hapa Mpanda atanunua mzoga?"

"Ungekuwa mzoga usingeamka alfajiri kuja kuununua."

Watu wakaangua kicheko. Kasilda hakucheka. Kule Usevya wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mpunga wakimngoja yeye na landrova hiyo, keshokutwa, awaletee mzigo mpaka Mpanda. Ndiyo kazi aliyoitafuta miaka miwili. Gari likienda kwa Telesfori, Kasilda anabaki kuwa mtu wa kuomba chumvi nyumbani kwa baba yake, yeye na mwanawe.

Hapana. Si leo.

"Fundi, nina swali," alisema. "Jana saa saba mchana nililisogeza gari hili mwenyewe, kulitoa juani. Lilikwenda vizuri kabisa. Juzi hivyo hivyo. Asubuhi linagoma, jua likiwaka linakwenda. Giaboksi gani hiyo inayokufa asubuhi na kufufuka mchana?"

"Ndivyo zinavyoanza."

"Hilo si jibu."

"Labda ni jini," sauti moja ilisema nyuma ya watu.

"Kasilda, mwachie," alisema Apollinarie, kaka yake. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni, macho chini. "Gari lenyewe la mwaka sabini na mbili. Utashindana na uzee?"

Kasilda alimtazama. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kubishia hata redio. Leo maneno yalikuwa machache na macho hayainuki. Lakini hakuwa na muda wa macho ya mtu.

Angeweza kungoja jua likolee. Lakini lingekolea saa saba, na saa sita ingekuwa imeshapita.

Akapanda, akatoa gia, akaachia na handbreki. Akashuka.

"Gari liko wazi, halina gia. Wanaume wanne hapo, sukumeni."

Wakasukuma. Landrova haikusogea hata unene wa kidole.

"Ongezeni watu!"

Wakawa saba. Mishipa ikawatoka shingoni. Matairi yakabaki pale kama yamepandwa.

Kasilda akamgeukia Telesfori polepole.

"Gia nimetoa. Handbreki nimeachia. Kama ni giaboksi iliyokufa, nani anashika matairi yote manne?"

Telesfori alijipangusa paji la uso. Jasho, msomaji! Na baridi yote ile!

"Ni breki," Kasilda alijijibu. "Zimekamata na haziachii."

Akafunua boneti. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa pale pembeni, dogo, limejaa vumbi, ila kifuniko chake kilikuwa kimefutwafutwa na mikono ya juzijuzi. Akakifungua na kutia kidole.

Kidole hakikuzama. Kiligonga kitu kizito, kigumu, rangi ya chungwa lililoiva. Akakinusa.

Harufu ilimrudisha jikoni.

"Mama Nyanzala!" aliita. "Njoo hapa na pua yako!"

Nyanzala alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye banda lake la chai, mwanamke mkubwa wa Kisukuma ambaye mafundi na madereva wote wa Majengo walikula kwake. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko, akizungusha chupa karibu na moto. Alivuka nayo mkononi.

"Nini, ng'wanone, mwanangu? Nayeyusha mafuta yangu, yamelala na baridi." Akainama kwenye kopo. Akanusa. Akaangalia chupa yake. Akaangalia kopo tena. "Wee! Haya si mawese? Mbona ni ndugu na haya yangu?"

Uani palilipuka.

"Mawese kwenye breki!"

"Wanataka kukaanga ndizi?"

"Usiku yanaganda, asubuhi yanashika, mchana yanayeyuka!" Kasilda alisema, na sauti ilimpanda bila kutaka. "Giaboksi, fundi? Giaboksi? Umetia mawese kwenye gari la baba yangu ili ulinunue kama vyuma chakavu!"

Watu saba waliokuwa wanasukuma gari wakageuka wote kumtazama Telesfori. Mmoja alikunja mikono ya shati.

Telesfori hakurudi nyuma. Kwa mshangao wa wote, alitabasamu.

"Mimi? Mimi nafungua injini, sipiki mchuzi. Msinikunjie mashati hapa. Kaulizeni wa nyumbani kwenu."

"Wa nyumbani nani?"

Fundi alielekeza kidevu ukutani.

Apollinarie alikuwa ameshatoa mikono mfukoni.

"Ni mimi," alisema.

Mzee Baltazari alijaribu kusimama, mguu ukakataa.

"Ni mimi, baba. Mwezi wa tatu, ulipokuwa umelazwa. Nilichukua gari bila kumwambia mtu, nikaenda Ikola kubeba dagaa. Nikiwa kulekule mpira wa breki ukapasuka. Nikapata mpira mwingine, mafuta nikakosa. Dereva mmoja akaniambia tia mawese, yeye ametia mwaka mzima na gari linakwenda. Nikatia. Na kweli, baba, nilirudi salama!"

"Kule ziwani joto halilali, kaka," Kasilda alisema. "Mawese ya Ikola hayajui kuganda. Hapa ni Mpanda, na huu ni Juni."

"Niliogopa kusema."

"Uliogopa kusema, ukaona bora liuzwe."

Apollinarie alirudisha macho chini. Kasilda alitamani kumpiga kofi na kumkumbatia, vyote kwa pamoja, jinsi alivyokuwa anafanya walipokuwa wadogo. Akaviahirisha vyote viwili.

"Na wewe," alimrudia Telesfori. "Kifuniko hiki ulikifungua juzi, nilikuona kwa macho yangu. Uliona nini ndani?"

"Sikuangalia vizuri."

"Fundi wa miaka ishirini anaona mawese magumu kwenye breki, anafunika, anakwenda kuandika karatasi ya kununua. Hukuyatia. Lakini uliyaona ukanyamaza."

"Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi ni saa sita. Subiri hapohapo."

"Kasilda." Ilikuwa nusu sauti ya baba yake. "Sheria yangu unaijua."

Aliijua tangu hajaota meno ya pili. "Gari bila breki haliondoki."

"Hata hatua moja. Hata ibaki dakika moja ifike saa sita. Nimeendesha miaka thelathini na moja sijamgonga hata kuku wa mtu. Hutaanza wewe."

"Sitaanza, baba."

Alifungua kanga, akamnyonyesha Monika haraka haraka, amekaa kwenye tairi la akiba, huku akiamrisha kama mwalimu mkuu. Mama Nyanzala, birika la maji ya moto! Kaka, jeki! Wewe na wewe, mawe chini ya ekseli! Mtoto aliposhiba alimkabidhi kwa Nyanzala, akajifunga kanga kiunoni, akaingia chini ya gari.

Maji ya moto yalimwagwa kwenye kopo, kwenye masta, yaani pampu kuu ya breki, kwenye mipira ya breki, gurudumu baada ya gurudumu. Kasilda alifungua niplo ya kwanza, kile kidude kidogo cha kutolea mafuta nyuma ya gurudumu. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Halafu yakaanza kujitokeza mawese, polepole, kama dawa ya meno, yakichuruzika mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Gurudumu likalia *klak* na kuachia. Likazunguka.

"Limeachia!" watu walipiga kelele.

Likaachia la pili. La tatu lilikuwa na niplo yenye kutu. Kasilda alichunika ngozi ya vidole viwili kabla haijakubali. La nne likaachia.

Saa tatu na nusu.

"Mpaka breki zioshwe," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amekisogeza karibu bila mtu kuona. "Mafuta yakibaki ndani yataharibu raba. Sisi tulikuwa tunaoshea spiriti."

"Spiriti iko wapi, baba?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Mama Nyanzala akakohoa.

"Mimi ninayo... ile dawa yangu ya mgongo."

Alikwenda bandani akarudi na chupa imeviringishwa kwenye kanga. Kizibo kilipofunguliwa, pua zote za uani zikaitambua gongo. Mgambo mmoja aliyekuwa amesimama pale aligeuka kutazama juu, kana kwamba kuna ndege inapita.

"Ya mgongo," Nyanzala alirudia, akimkazia macho yule mgambo.

"Ya mgongo kabisa, mama," mgambo alijibu akiwa bado anaitafuta ndege yake.

Gongo ikapita kwenye masta, ikapita kwenye mipira, ikatoka magurudumu manne na uchafu wote. Wakangoja mipira ikauke. Mzee mmoja alisikitika kwa sauti kwamba gari limepewa kile ambacho binadamu ananyimwa.

Saa nne na robo. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu, na kitu hicho Kasilda alikijua tangu mwanzo ndio maana hakuwa akikitazama usoni. Mafuta ya breki.

Mzigo wa spea unaoletwa na treni kutoka Tabora haukuwa umefika kwa wiki ya tatu. Maduka ya spea yalikuwa yamebaki na balbu na mikanda ya feni. Mtu mmoja tu hapa mjini alikuwa na kopo la mafuta ya breki.

Naye alikuwa amekaa kwenye jiwe anachokonoa meno.

"Siuzi," Telesfori alisema kabla hajaulizwa.

"Fundi."

"Biashara ni yangu. Siuzi. Ngojeni treni."

Nyanzala akambeba Monika vizuri begani, akamwendea taratibu.

"Telesfori, baba. Umekunywa chai leo?"

"Nimekunywa."

"Basi ilikuwa ya mwisho. Chai, maharage, ubwabwa wa Jumapili. Wewe na mafundi wako wote. Usipomuuzia huyu mtoto kopo moja, kwangu utapita kama unavyopita makaburini."

Mafundi wake wanne, waliokuwa wamesimama kati ya watu, wakamtazama bosi wao kwa macho ya njaa ya kesho.

Telesfori alitema kijiti. Akatazama saa yake. Halafu, ajabu, akalegea.

"Haya. Yaishe. Mimi si mtu mbaya."

Alikwenda gereji yake, hatua hamsini, akarudi na kopo. Watu wakapiga makofi. Apollinarie akalipokea kwa mikono miwili.

Kasilda hakupiga makofi. Telesfori hajawahi kulegea bure.

"Mama Nyanzala, niletee kisahani na maji."

"Maji ya nini tena?" Telesfori alidakia.

"Nina kiu."

Kisahani kikaja. Kasilda akalitwaa kopo, akamimina tone moja tu juu ya maji, mbele ya macho ya wote.

Tone likatanuka. Likaelea juu, linang'aa, rangi rangi kama shingo ya njiwa.

"Mafuta ya breki ya kweli yanachanganyika na maji," Kasilda alisema. "Yanazama, yanapotea. Baba alinifundisha hapa hapa uani. Hii ni oili ya injini. Nikiitia, raba zitavimba, na nitakuwa sina breki kabla sijafika stesheni. Na mgongoni nitakuwa nimembeba mtoto."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Nilikosea kopo," Telesfori alisema.

"Ngoja kwanza," alisema dereva mmoja wa lori, mtu mrefu aitwaye Sixte. "Fundi, na yale uliyoniuzia Pasaka? Kopo hilohilo, rangi hiyohiyo."

"Na mimi?" akasema mwingine. "Ndiyo maana breki zangu zimekuwa sponji?"

"Mama Nyanzala, visahani!"

Msomaji, ungekuwepo! Madereva watano walitoka mbio kila mmoja na kisahani cha chai mkononi, kila mmoja kwenye gari lake. Baada ya muda ikasikika sauti ya kwanza kutoka barabarani, "Inaelea!" Halafu ya pili. Sixte alirudi ameshika kisahani mbele yake kama anayebeba sadaka.

"Inaelea, Telesfori."

Kopo la kweli lilitoka wapi, sijui. Ninachojua, lilitoka upesi. Likajaribiwa, tone likazama na kupotea. Nalo halikutajiwa bei. Telesfori alilitupa miguuni pa Kasilda, akavuka barabara na kutokomea, akisema neno ambalo mhariri wangu hataliruhusu.

Saa tano kasoro kumi.

Sasa kutoa upepo. Mtu mmoja akae kwenye usukani apige pampu ya breki kwa mguu na kushikilia, mwingine awe chini afungue niplo, upepo utoke, afunge. Tena. Tena. Magurudumu manne. Wakipishana hata kidogo, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

"Kaka, panda upige pampu."

"Mimi?" Apollinarie alirudi nyuma. "Nisije nikaharibu tena."

"Nitapiga mimi."

Wote wakageuka. Mzee Baltazari alikuwa ameshika egemeo la kiti kwa mkono wa kulia.

"Baba, mguu..."

"Uliolala ni wa kushoto. Breki inakanyagwa na wa kulia. Nimesahau nini mimi? Ninyanyueni."

Hakuwa ameketi kwenye usukani huo tangu siku alipoanguka. Alikuwa akiitazama landrova kila asubuhi kwenye kile kiti cha kamba jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyohamishwa. Walimnyanyua watatu. Alipoketi, mkono wake mzima ulienda wenyewe kwenye usukani, ukapapasa mahali ambapo rangi ilikwisha kwa kushikwa na yeye.

"Uko tayari huko chini?"

"Tayari, baba."

"Napiga. Moja. Mbili. Tatu. Nimeshika!"

"Nafungua... Nafunga!"

"Napiga!"

Chini ya gari, vumbi machoni, mafuta nyweleni, Kasilda alisikiliza sauti ya baba yake. Ilikuwa nusu sauti ilipoanza. Gurudumu la tatu lilipoisha ilikuwa imepanda. Gurudumu la nne, alikuwa anapiga kelele kama zamani alipokuwa anawakimbiza mbuzi kwenye barabara ya Sitalike.

"Nimeshika! Kasilda! Imesimama! Iko juu, ngumu, ngumu kama jiwe! Ina breki!"

Akatoka chini. Baba yake alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, na machozi yalikuwa yakishuka nusu ile nyingine ambayo haikuwa inahisi kitu.

"Sogea, baba. Saa tano na dakika ishirini."

"Siendi popote. Nisogezeni kiti cha pili. Nakwenda stesheni."

Alisogezwa. Apollinarie akaingia nyuma bila kukaribishwa. Monika alirudi mgongoni kwa mama yake. Kasilda akawasha, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza.

Landrova haikuruka kama chura. Iliondoka.

Nyuma yao Majengo yote ilipiga vigelegele. Kasilda hakusikia. Alikuwa anasikiliza gari. Gia ya pili. Gia ya tatu. Akajaribu breki polepole, zikashika. Akaachia, zikaachia. Barabara ya stesheni inashuka kidogo, na pale chini, kama vile wamepangwa, ng'ombe wa mfugaji Manyanda walikuwa wanavuka, mia na ushee, hawana haraka.

"Breki," mzee alisema kwa utulivu.

Kasilda alikanyaga. Landrova ikainamisha pua na kusimama. Fahali mmoja alinusa taa ya mbele, akaamua hailiki, akaendelea na safari.

"We mama!" Manyanda alipaza sauti akiwa kwenye mkia wa kundi. "Gari zee hilo lina breki kuliko mapya!"

"Limeoshwa na gongo!" Kasilda alimjibu.

Saa tano na nusu waligusa uwanja wa stesheni. Wakageuza. Saa tano na dakika arobaini walikuwa wanarudi, na paa la kwanza la Majengo lilikuwa limeshaonekana, Telesfori alipotokea katikati ya barabara na kunyoosha mikono.

Breki zikashika tena. Zilibaki hatua mbili.

"Toka njiani, fundi. Saa sita bado."

"Saa sita yako haina maana." Alikuwa anahema. Akatoa karatasi kifuani, si ile ya asubuhi. Hii ilikuwa imekunjwa mara nne na kingo zimechoka. "Nilitaka tumalizane kwa heshima, mzee atie sahihi mpya, asiaibike. Mmenivua nguo mbele ya mji mzima. Basi someni. Gari hili lilishauzwa kwangu mwezi wa tatu. Dole gumba la mzee hili hapa."

Kasilda aliipokea dirishani. Maandishi yalikuwa mazuri, ya mtu wa ofisini. Chini, alama ya wino wa bluu. Dole gumba.

Aliisoma mara mbili, kisha akampa baba yake.

"Baba. Hili ni dole lako?"

Mzee aliishika karatasi mbali na macho. Aliitazama kwa muda ambao hawakuwa nao.

"Ni langu."

Telesfori akatabasamu.

"Ni langu," mzee alirudia, "lakini sikulibandika mimi. Mwezi wa tatu nilikuwa kitandani hospitali, sina ulimi. Kusema nilikuwa siwezi. Kuona, nilikuwa naona. Mkono wangu ulishikwa, ukapakwa wino, ukakandamizwa. Nikadhani ni karatasi ya dawa."

"Nani alikushika mkono?"

Baba yake hakumtazama Telesfori. Alitazama mbele tu, kwenye kioo, na nyuma yao ndani ya gari kaka mtu alianza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kasilda alifunga macho. Akayafungua.

"Fundi," alisema, "panda nyuma."

"Nini?"

"Panda. Karatasi yako ninayo mimi, na hutaipata ukiwa umesimama hapo. Kwanza nyumbani, kuna saa sita ya watu. Halafu Mahakama ya Mwanzo, ukamweleze hakimu jinsi mgonjwa asiye na ulimi alivyouza gari. Unapanda au nikuache?"

Karatasi ilikuwa imeshaingia ndani ya blauzi yake. Telesfori alizunguka gari, akapanda.

Waliingia uani saa sita kasoro dakika tano. Mama Nyanzala aliruka juu na mwiko mkononi. Sixte alipiga honi ya lori lake mpaka kuku wakapotea. Mzee Baltazari alinyoosha mkono wake mzima, akaufunika mkono wa binti yake uliokuwa kwenye gia, mbele ya watu wote.

"Limetoka, limefika, limerudi," alisema, na ilikuwa sauti nzima. "Lina breki. Ni lako, Kasilda. Neno langu limekwisha, na mtu asiniletee kalamu tena."

Ndipo Apollinarie alipopenyeza kichwa kati ya viti viwili. Uso umelowa. Alinong'ona, lakini Kasilda alisikia kila neno.

"Dada, usishuke kwanza. Aliniambia akishapata gari, lile deni langu kwake... ile aibu ya Ikola, ataizika. Nikamshika baba mkono. Lakini hakumbandikisha mara moja. Alimbandikisha mara mbili."

"Mara mbili?"

"Karatasi ya pili si ya gari." Apollinarie aliinua kidole, akaelekeza nje ya kioo, kwenye ukuta, kwenye mlango, kwenye dirisha la chumba alimozaliwa Monika. "Ni ya nyumba hii. Na anasema leo jioni watu wake wanakuja kuitoa milango."

Kule nyuma Telesfori alikuwa ameshaanza kucheka.

Kasilda hakuzima injini.